Karburateri ni mpya, moteri bado inapanda na kushuka: tafuteni hewa ya pembeni



Kila tukipita kwenye koperative zenye mashini ya kusaga, tunakuta malalamiko yale yale. Moteri ilikuwa inachoka, fundi akaifungua, akaweka karburateri mpya na jointi mpya, akafunga. Kuwasha, inawaka vizuri. Lakini ukiondoa starteri, basi inaanza: inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama mtu anayepumua kwa shida. Ukimwaga mahindi ndani, inakohoa na kuzima. Ukirudisha starteri nusu, inatulia. Fundi anatikisa kichwa: "Hii karburateri ni ya bandia, mununue ingine."

Mara nyingi karburateri haina kosa. Moteri inavuta hewa mahali ambapo haipaswi kuvuta, na mahali penyewe ni pale pale palipofunguliwa. Tunaandika haya ili kabla ya kutoa tena pesa ya koperative mjue namna ya kuitafuta ile hewa. Hakuna chombo cha bei kubwa. Ni grisi kidogo, maji, kle ya 10 na kipande cha kioo cha dirisha.

Tunazungumzia moteri ndogo za esansi, zile za nguvu ya farasi 5 hadi 7: Honda GX160 na GX200, na zile za China zilizofuata mfano huo, ambazo nyingi zimeandikwa 168F. Ndizo ziko kwenye mashini za kusaga na kwenye pompi za kumwagilia bustani kando ya ziwa na kando ya Lukuga. Moteri za mazutu tutazigusa baadaye, maana kwao ugonjwa huu una sura nyingine.

Hewa ya pembeni ni nini

Wengi wetu tumeshanyonya esansi kutoka kwenye bidoni kwa mpira (na wengi tumeshaimeza pia, jambo ambalo hatuwashauri). Mpira ukiwa mzima, unavuta mara moja na esansi inakuja. Ukiwa na tundu pale juu, unavuta mpaka mashavu yanauma, na kinachojaa kinywani ni hewa tupu.

Pistoni ikishuka inavuta namna ile ile. Njia yake ya halali ni moja: hewa inapita kwenye filtre, inaingia karburateri, inapita mbele ya kitundu cha esansi na kuibeba, ndipo inaingia kwenye moteri. Ili kilo moja ya esansi iungue vizuri, zinahitajika kama kilo 15 za hewa, na karburateri ilitobolewa kiwandani kwa kufuata kipimo hicho. Sasa kama kati ya karburateri na moteri kuna upenyo, hata mwembamba kama unywele, hewa nyingine inaingia pale bila kupita kwenye esansi. Mchanganyiko unakuwa mwepesi: hewa nyingi, esansi kidogo.

Ule mchezo wa kupanda na kushuka unatoka kwenye regulateri, yaani kile kipande kinachofungua na kufunga gazi chenyewe ili mwendo uwe sawa. Mchanganyiko mwepesi unaifanya moteri ipungue nguvu. Regulateri inaona mwendo umeshuka, inafungua gazi. Gazi ikifunguka, esansi inakuja zaidi, moteri inaruka juu. Regulateri inaona mwendo umezidi, inafunga. Gazi ikifungwa, pistoni inavuta kwa nguvu zaidi kwenye ule upenyo, mchanganyiko unakuwa mwepesi tena, na mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo regulateri si mgonjwa. Inafanya kazi yake. Tumekuta mafundi waliokunja springi ya regulateri mara tatu wakitafuta kosa ambalo haliko pale, na mwisho wakawa na makosa mawili badala ya moja.

Mnaweza kusema: si tunaendesha tu na starteri nusu, mbona inasaga? Inasaga, ni kweli. Lakini mchanganyiko mwepesi unaungua kwa joto kali. Ukitoa buji baada ya siku ya kazi, kichwa chake kinatakiwa kuwa na rangi ya kahawia kama udongo mkavu. Ikiwa ni nyeupe kama chokaa, moteri inapikwa. Kinachofuata ni valvu ya moshi kuungua au pistoni kukwaruzika, na hapo hatuzungumzii tena jointi ya karatasi, tunazungumzia kununua moteri. Starteri nusu inaficha ugonjwa tu.

Wengine wametuambia sababu ni mlima: moteri iliyokuwa nzuri Kalemie inasumbua ikipelekwa juu, upande wa Marungu. Ziwa liko kama metre 770 juu ya bahari, na Marungu inapita metre 2000, kwa hiyo tofauti ipo. Lakini inaenda upande mwingine. Juu hewa ni nyembamba, esansi ndiyo inayozidi, na buji inakuwa nyeusi. Buji nyeupe haitoki kwa mlima.

Tulichokuta barabara ya Nyunzu

Koperative moja kwenye barabara ya Nyunzu ilikuwa imeshanunua karburateri mbili na buji tatu. Mamama waliokuwa wanaleta mihogo mikavu walikuwa wanarudi nayo kichwani, au wanaiacha pale siku mbili wakiomba mvua isinyeshe. Mwenye kuweka pesa alituonyesha daftari. Kwenye ukurasa mmoja matengenezo yalikuwa yamekula mapato ya kusaga karibu yote ya mwezi, na watu walishaanza kumwangalia yeye vibaya, si moteri.

Tulimwomba fundi aiwashe. Ilifanya vile vile mlivyozoea. Kitu cha kwanza kilichotushangaza ni kwamba sanduku la filtre ya hewa halikuwepo. Lilivunjika, akaliweka pembeni. "Tutaweka ingine, kwanza itembee."

Kwenye moteri za mfano huu, karburateri haina bulo zake peke yake. Vyuma viwili vyenye uzi vinatoka kwenye moteri, vinapita katikati ya kile kipande kizito cheusi cha plastiki, vinapita kwenye karburateri, vinapita kwenye sanduku la filtre, na ekru mbili za kle ya 10 zinabana vyote kwa pamoja huko nje. Ukiondoa sanduku la filtre, hakuna tena kinachobana karburateri. Fundi alikuwa amesogeza ekru mpaka zikafika mwisho wa uzi, na mkononi zilionekana zimekaza. Lakini tulipoishika karburateri na kuitikisa, ilicheza. Ukiisukuma kwa kidole gumba kuelekea moteri, mlio ulitulia. Ukiachilia, ulirudi.

Fundi aliona mwenyewe, hatukuwa na haja ya kusema neno. Tuliweka vipande viwili vya bomba nyembamba la chuma juu ya vile vyuma vyenye uzi mahali pa sanduku, ili tu kufanya jaribio, tukabana. Ilikuwa afadhali sana, lakini bado kulikuwa na kosa dogo lililobaki. Kosa hilo tulilipata kwa grisi.

Namna ya kutafuta

Kwanza ondoeni kanda ya mashini ya kusaga, moteri iwe peke yake. Itoeni nje ya nyumba kama inawezekana, au fungueni milango yote: moshi wa esansi ndani ya chumba unaua bila kunuka vikali. Iacheni iwake dakika tano hadi kumi, maana kuna upenyo unaojionyesha moteri ikiwa na joto tu.

Iwekeni kwenye mwendo wa chini. Hewa ya pembeni inasikika zaidi pale, kwa sababu gazi ikiwa imefungwa pistoni inavuta kwa nguvu zaidi. Kisha fungeni starteri polepole, kidogo kidogo, mkisikiliza. Kama inatulia, mnajua esansi ni kidogo. Hamjajua bado sababu. Inaweza kuwa upenyo, inaweza kuwa jiklere ndogo ya ralanti imezibwa na uchafu, na magonjwa haya mawili yanafanana kama mapacha. Esansi ya barabarani, ile ya kadafi kwenye chupa, mara nyingi ina maji na vumbi, kwa hiyo jiklere kuzibwa si jambo la ajabu hata kwa karburateri ya wiki moja.

Grisi ndiyo inayotenganisha hao mapacha. Chukueni grisi nzito kwa kijiti, na moteri ikiwa inawaka, pakeni kuzunguka mshono wote kati ya moteri na kile kipande cheusi, halafu mshono kati ya kipande cheusi na karburateri. Pakeni upande mmoja, subirini, sikilizeni, ndipo muende upande mwingine. Grisi ikifika mahali pa upenyo inavutwa ndani na kuziba, na mlio unabadilika palepale. Mkiangalia vizuri mtaona hata grisi imechimbika kashimo kadogo. Pale ndipo.

Kama grisi hakuna, maji ya sabuni kwenye seringi yanafanya kazi, matone machache kwa mara moja, sio kumwaga. Maji yakiingia kwenye upenyo moteri inakwama kidogo au inatulia. Msimwagie kichwa cha moteri chenye joto wala buji.

Hapana kutumia esansi kwa jaribio hili. Tunajua mafundi wengi wanafanya hivyo, wanamwaga esansi kidogo na kusikiliza moteri ikiruka. Jaribio lenyewe linajibu, hatukatai. Lakini bomba la moshi lina joto la kuwasha, buji inatoa cheche, na tanki iko juu ya vyote. Nyumba ya mashini imejaa unga na magunia.

Kama mmepaka grisi kila mahali na mlio haukubadilika hata kidogo, rudini kwenye jiklere. Ioneni kwenye mwanga, mtoboe kwa uzi mmoja mwembamba wa waya wa umeme, si kwa msumari, wala si kwa sindano ya kushonea inayopanua tundu. Na kuna dalili nyingine inayosaidia: moteri yenye upenyo mara nyingi inakataa kushuka, visi ya ralanti mmeifungua yote na bado inakimbia. Yenye jiklere chafu ikishuka inazima tu.

Kwa nini upenyo unabaki baada ya matengenezo

Kwenye ile moteri ya barabara ya Nyunzu, grisi ilichimbika upande wa chini, kati ya kipande cheusi na moteri. Tulifungua. Jointi ilikuwa moja tu, upande wa karburateri. Upande wa moteri fundi alikuwa ameona jointi ya zamani imeshikamana vizuri, akaiacha. Kumbe nusu yake ilikuwa imebanduka alipokuwa anavuta kile kipande, ikabaki nusu nyingine, nene upande mmoja na hakuna kitu upande mwingine.

Kwa hiyo: jointi ni mbili, moja kila upande wa kipande cheusi, na zote mbili zinabadilishwa. Mabaki ya zamani yanakwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu au plastiki. Mkitumia kisu mnachora aliminyumu, na ule mchoro ni upenyo mpya. Zibeni mlango wa moteri kwa kitambaa wakati wa kukwangua, vipande visiingie ndani.

Kile kipande cheusi chenyewe kinazuia joto la moteri lisifike kwenye karburateri na kuchemsha esansi. Tumekuta mtu amekitupa kwa sababu "hakina kazi". Pia kinapasuka, na mpasuko unaweza kuwa mwembamba usionekane mpaka ukikunje kidogo kwenye jua. Kina upande wake na mifereji yake. Kabla ya kukitoa pigeni picha kwa simu.

Jointi za kukata wenyewe zinakubalika kama mmepata karatasi ya jointi yenyewe. Karatasi ya kasha la sabuni inalowa esansi, inalegea, na baada ya siku chache mko pale pale. Kuna pia desturi ya kupaka silikoni, ile ya bomba dogo. Karibu na esansi silikoni ya kawaida inavimba na kubanduka, vipande vinaingia kwenye moteri au vinaziba njia za karburateri. Karatasi kavu, safi, iliyokatwa vizuri, inatosha bila kupaka kitu.

Halafu kuna nguvu ya mkono. Ekru hizi ni ndogo, uzi wa milimita 6. Kijana mwenye kle ndefu anabana mpaka masikio ya karburateri yanajikunja, katikati panainuka, na kadiri anavyobana ndivyo upenyo unavyopanuka. Weka uso wa karburateri juu ya kioo cha dirisha na uangalie kwenye mwanga: kama inacheza, au mwanga unapita chini yake, imejikunja. Dawa ipo. Wekeni karatasi laini ya msasa juu ya kioo, chorani uso wa karburateri kwa kalamu, msugue kwa mzunguko polepole mpaka michoro ya kalamu iishe yote kwa wakati mmoja. Oshani kwa esansi, kausheni. Wakati wa kufunga, banani ekru hii kidogo, ile kidogo, kwa kupokezana, kwa nguvu ya vidole vilivyoshika kle karibu na kichwa chake.

Upenyo mmoja jointi haiuwezi. Karburateri iliyofanya kazi miaka mingi inaliwa pale ambapo kile chuma chembamba cha gazi kinapita na kuzunguka. Tone la mafuta ya moteri likiwekwa pale, mlio ukitulia, hiyo karburateri imezeeka kweli, na sasa ndiyo saa ya kununua.

Mazutu, na mitumbwi

Moteri ya mazutu haina karburateri, na upenyo kwenye njia ya hewa hauipandishi wala kuishusha. Ndiyo maana ni wa hatari zaidi: hausikiki. Vumbi la kiangazi linaingia bila kupita kwenye filtre, linasaga pete za pistoni kama mchanga, na baada ya muda moteri inakula mafuta na kutoa moshi wa bluu. Toeni bomba linalotoka kwenye filtre, pitisheni kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, ama filtre imetoboka, ama mpira wa bomba umepasuka, ama koleo lake limelegea. Fanyeni vivyo hivyo kwa moteri za esansi, kwani upenyo ulio kabla ya karburateri hauharibu mchanganyiko lakini unapitisha vumbi lile lile. Ndiyo sababu nyingine ya kutoendesha bila sanduku la filtre hata siku moja.

Kwa wanamemba wenye mitumbwi: moteri zile za ziwani ambazo mafuta yanachanganywa ndani ya esansi, hewa ya pembeni kwao inapunguza esansi na mafuta ya kulainisha kwa mara moja. Pistoni inakwama. Ukisikia inapanda yenyewe na kukimbia bila wewe kuongeza gazi, usivuke nayo.

Tulipoondoka kule barabara ya Nyunzu, sanduku la filtre lilikuwa limetumwa kununuliwa mjini, jointi mbili ziko mahali pake, na fundi alikuwa amebandika picha ya mpangilio wa vipande kwenye ukuta, juu ya mashini. Mashini ilisubiri siku tatu kwa ajili ya sanduku, ndipo ikaanza kusaga. Mwenye kuweka pesa aliandika kwenye daftari bei ya jointi, mstari mmoja. Ile karburateri ya kwanza, ambayo haikuwa na kosa lolote, tuliikausha esansi, tukaifunga kwenye plastiki. Iko ndani ya sanduku la koperative, inangoja.